Porsche 911 mpya (992.2): Mnalilia betri, huku mshale wa RPM umeondolewa kimya kimya

#1 GiaYaSita (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Porsche wafunue 911 iliyofanyiwa marekebisho, hii ambayo wenyewe tunaiita 992.2, nasoma malalamiko ya watu na karibu yote yanaelekea upande mmoja: "wameweka betri kwenye 911, imekwisha." Nimekaa kimya muda mrefu, leo nimeona niseme. Mnalia kwenye msiba wa jirani. Betri ndicho kitu cha akili kuliko vyote walivyofanya kwenye gari hili. Cha kulilia kipo, ila kilipitishwa mlango wa uani.

Kwa ambao hawakufuatilia, niwaweke sawa haraka. 992, yaani kizazi cha sasa cha 911, ilizinduliwa Los Angeles, Novemba 2018. Kawaida ya Porsche, modeli ikifika katikati ya umri wake wanaifungua, wanarekebisha, inaitwa "nukta mbili". Safari hii walitoka tarehe 28 Mei 2024 na gari mbili: Carrera ya kawaida na Carrera GTS.

Carrera ya kawaida SIYO haibridi (gari la petroli na umeme kwa pamoja). Naandika kwa herufi kubwa maana kila siku kuna mtu anakuja kusema 911 zote sasa zina betri. Ni injini ileile ya lita 3.0 yenye turbo mbili, sasa inatoa PS 394 (nguvu za farasi) na Nm 450 (nguvu ya kuzungusha). Turbo zake zimetoka kwenye GTS ya zamani, intakula zimetoka kwenye 911 Turbo. Kwa hiyo mwenye Carrera ya chini kabisa leo anatembea na vifaa ambavyo juzi vilikuwa vya wakubwa.

GTS ndiyo yenye mfumo wanaouita T-Hybrid. Injini mpya ya lita 3.6, silinda sita zilizolala kama kawaida, turbo MOJA yenye mota ya umeme ndani yake, na mota nyingine imefichwa ndani ya giaboksi ya PDK (inayojibadilisha gia yenyewe) ya gia nane. Jumla PS 541 na Nm 610. GTS iliyopita ilikuwa na PS 480, kwa hiyo zimeongezeka 61. Sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.0, mwisho 312 km/h. Huchomeki ukutani. Betri ni kWh 1.9 tu na ina uzito wa kilo 27. Gari zima limeongezeka kilo 50, limefika 1,595.

Kwa sura, taa za mbele zimemeza kila kitu, indiketa za kwenye bampa zimeondoka. GTS ina vibao vitano vya kusimama kila upande wa pua, vinajifunga kukata upepo na kujifungua rejeta zikihitaji hewa. Nyuma taa ndefu imepindishwa, na jina la Porsche limeingizwa ndani yake. Mimi sura sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko ndani. Tangu 911 za kwanza zianze kuuzwa mwaka 1964, ukikaa kwenye kiti cha dereva, katikati kabisa mbele ya macho yako kuna saa kubwa ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) yenye mshale halisi. Wamebadilisha upoozaji wa injini, wameleta turbo kwenye kila Carrera, usukani umekuwa wa umeme, lakini ile saa iliachwa. Hata 992 ya kwanza ilikuwa na vioo vya kompyuta kushoto na kulia, katikati ukabaki mshale. Kwenye 992.2 wameung'oa. Sasa kuna kioo kimoja kilichopinda cha inchi 12.65. Ukitaka, kinakuchorea saa tano za zamani. Kinakuchorea!

Na kile kiswichi cha kuzungusha cha kuwashia gari, upande wa kushoto wa usukani, nacho kimeondoka, sasa ni kitufe. Na GTS haina tena gia ya mkono. Viti vya nyuma havipo mpaka uviombe (ukiomba kwenye coupe, ile ya paa gumu, hawakuongezei bei, hilo nawasifu).

Mshale, kiswichi na gia ya mkono ndiyo roho ya gari. Betri haikugusa roho, imeongeza pumzi tu. Karibuni tubishane.

#2 KijitiChaKati

Nimewahi siti ya mbele. Mimi na IST yangu tumekuja kusoma tu, lakini mleta mada mbona umekwepa bei?

#3 GiaYaSita

Sijakwepa. Ujerumani wakati wa uzinduzi Carrera ilianzia euro 128,700 na GTS euro 170,600, kodi yao ya huko ikiwemo. Hapo hujagusa orodha ya nyongeza, na Porsche kwenye nyongeza ndipo wanapokula.

#4 KijitiChaKati

Euro?

Sawa. Endeleeni wakubwa, mimi niko foleni Ubungo nawasoma.

#5 BoksaWaNakuru

Gia, kwa hii nakupinga, na si kidogo.

Mtu hununua 911 akijua itamzika. Huku kwetu kuna watu wako na 911 za miaka ya themanini, zinawaka asubuhi kama jana. Fundi anafungua, anaona kila kitu kwa macho, anafunga. Sasa niambie hii GTS mwaka wa 2050 itakuwa wapi. Betri ya volti 400, mota ndani ya turbo, mota ndani ya giaboksi, inveta (kigeuza umeme) juu ya injini. Kitu kimoja kikikataa, gari yote inakuwa pambo la sebuleni.

Na hizo kilo 50 usizipitishe haraka hivyo. Kila kizazi wanasema "ni hamsini tu". Hamsini hapa, hamsini pale, mwishowe unajikuta unaendesha basi lenye makalio ya 911.

Saa ya RPM mimi ningeisamehe. Nikiwa nachoma barabara sina muda wa kuangalia mshale, nasikiza injini.

#6 SpanaYaKumiNaSaba

Wakuu salaam. Niko Ujerumani, ni fundi wa gereji ya kawaida ya mtaani, siyo mtu wa Porsche. Naona humu kuna vitu vinachanganywa, acha nivitenganishe.

Turbo ya kawaida inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ukikanyaga mafuta ghafla, moshi bado ni mchache, turbo inasubiri. Ndiyo maana watengenezaji huweka turbo mbili ndogo badala ya moja kubwa: ndogo ni nyepesi, inaamka haraka. Lakini ndogo huko juu inaishiwa.

Walichofanya kwenye GTS ni hiki. Wamechukua turbo moja kubwa, kwenye shafti yake katikati ya feni ya moshi na feni ya hewa wakaweka mota ya umeme. Ukikanyaga, mota inaizungusha kabla moshi haujafika. Hakuna kusubiri. Na ukishakuwa kwenye mwendo, moshi umekuwa mwingi kupita mahitaji, turbo ya kawaida ingefungua kilango cha pembeni na kuumwaga ule moshi wa ziada bure. Hapa kilango hicho hakipo kabisa. Mota inageuka kuwa jenereta, inabana turbo isizidi kasi, na inachota hadi kW 11 za umeme kutoka kwenye moshi ambao zamani ulikuwa unatupwa. Umeme huo unaenda kwenye betri au moja kwa moja kwenye mota ya giaboksi, ambayo inaongeza hadi kW 40 na Nm 150.

Wazo hili halikutoka hewani. 919 Hybrid, gari lao la mbio lililoshinda saa 24 za Le Mans 2015, 2016 na 2017, lilikuwa linavuna umeme kwenye ekzosi pia. Ndiyo maana betri ni ndogo vile: haikuwekwa ili utembee kimya kwenda sokoni, ni ya kupokea na kutoa haraka.

Sasa kwa nini lita 3.6 badala ya 3.0? Hapa ndipo wengi hawafiki. Injini za turbo za zamani ukizikamua hadi mwisho zinamwaga petroli kuliko inayoweza kuungua, ile ya ziada inapooza moto wa ekzosi. Sheria za hewa chafu za Ulaya zinazidi kubana huo mchezo. Hii injini mpya inachoma kwa uwiano kamili wa hewa na mafuta kwenye kila mwendo, hata ukikanyaga hadi chini. Ukiacha kupooza kwa petroli unapoteza nguvu, kwa hiyo wakapanua silinda hadi milimita 97 na mwendo wa pistoni hadi 81 kufidia. Injini peke yake bila umeme inatoa PS 485. Yaani hata ukitoa msaada wa umeme, bado inaizidi GTS ya zamani.

Boksa, wasiwasi wako wa mwaka 2050 ni halali na sitakudanganya, volti 400 siyo za kugusa na spana ya kawaida. Sisi wenyewe gereji zetu bila mafunzo ya umeme mkubwa na glavu zake haturuhusiwi hata kufunua. Ila angalia na upande wa pili. Kompresa ya AC imekuwa ya umeme, haivutwi tena na mkanda wa injini. Injini imepungua kimo kwa milimita 110, na hapo juu yake ndipo inveta ilipokaa. Mikanda na vikorokoro vya mbele ya injini, ambavyo ndivyo vinavyotuletea riziki kila wiki, vimepungua.

#7 KijitiChaKati

Spana umetisha. Kwa mara ya kwanza nimeelewa turbo bila kuchorewa ubaoni.

#8 BiRejeta

Assalam alaykum. Mie niko Maskati, na Alhamdulillahi nimebahatika kukaa ndani ya hiyo GTS kwenye ukumbi wa mauzo, sikuiendesha.

Kwanza nimshukuru kaka Spana kwa hilo la AC. Huku kwetu mwezi wa sita joto linapita digrii 45, na kwenye foleni injini ikiwa inazunguka polepole AC ya mkanda inachoka, unaanza kupuliziwa upepo wa uvuguvugu. Kompresa isiyoitegemea injini ni neema, na sijaona mtu mwingine akiitaja. Wanaume mnahesabu farasi tu.

Ama hilo la mleta mada, mie nipo upande wake nusu. Nilipokaa, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta kile kiswichi cha kuzungusha. Kidole kikaangukia kwenye kitufe. Nilikibonyeza, dashibodi ikawaka, nikahisi nimekaa ndani ya gari yoyote ile. Kile cha zamani kilikuwa kinazunguka, kina uzito kidogo, kina "tak" yake. Ndio, hata kwenye 992 ya kwanza hakikuwa ufunguo wa kweli, kilikuwa kiswichi kilichotengenezwa kifanane nao. Lakini mkono ulikuwa unajua uko wapi.

Kioo lakini sikukichukia. Kwenye 992 ya kwanza ukishika usukani, vile vioo vya pembeni vilikuwa vinafunikwa na usukani wenyewe, geji ya mafuta unaitafuta kwa kuinamisha shingo. Kwa hilo kioo kimoja kina raha yake. Na ule muonekano wa saa tano nilizipekua zote, sindano yake inakwenda laini, haikatiki. Mtu asiyejua atadhani ni kweli.

#9 GiaYaSita

Dada Rejeta, "mtu asiyejua atadhani ni kweli" ndicho hasa kinachonichoma. Saa ya mkononi unavaa yenye mishale wakati simu mfukoni inakupa muda sahihi zaidi. Anayetoa euro laki na sabini hafuati usahihi.

La usukani kufunika vioo umenena kweli, hata mimi lilinikera. Lakini dawa yake ilikuwa kupanga upya vile vioo vya pembeni. Mshale wa katikati haukufunikwa na kitu.

#10 BabuPlagi

Vijana, nawasoma tangu asubuhi. Mnabishana kama 911 ni gari la kwenye vioo vya duka. Sisi tuliliona kwenye matope.

#11 KijitiChaKati

Shikamoo babu. Leta mambo.

#12 BabuPlagi

Marahaba.

Safari Rally ya enzi hizo ilikuwa ya Pasaka, na watu walikuwa wanalala barabarani kusubiri. Gari nyingi zilikuwa zinanguruma. Ile 911 ilikuwa inapiga mluzi na kupasua kwa pamoja, ile sauti ya injini iliyopozwa kwa hewa, unaisikia ng'ambo ya kilima kabla hujaona vumbi. Mtu anasema "hiyo ni Porsche" na watoto wote wanakimbilia ukingoni, wazee wanawavuta mashati.

Na haikuwahi kushinda. Hilo vijana wengi hawalijui. 1972 Zasada, yule Mpolandi, alimaliza wa pili na 911 S nyuma ya Escort ya Mikkola. 1974 Waldegård akamaliza wa pili, Joginder Singh akambwaga kwa Lancer ndogo ya 1600. Lancer! 1978 Porsche wakaja na 911 SC zilizonyanyuliwa juu, rangi za Martini, wamejipanga. Vic Preston Jr. akamaliza wa pili, Waldegård wa nne. Aliyeshinda ni Nicolas na Peugeot 504. Mara tatu nafasi ya pili.

Waldegård alikuja kulipa deni uzeeni, 2011, kwenye ile Safari Classic ya magari ya zamani, akashinda na 911, mwanawe amekaa pembeni anasoma ramani.

Nawaambia haya kwa sababu mnalia kilo 50 na kioo. Gari lile lilikuwa linapigwa mawe Pasaka nzima na lilikuwa linafika. Nionyesheni hii yenu ya betri ikipita nyika ya Taru kule Kenya mvua inanyesha, ndipo nitatoa maoni.

#13 BoksaWaNakuru

Mzee Plagi, heshima. Baba yangu hadi leo akisikia jina la Vic Preston Junior anaacha chai ipoe.

Na ile 911 Dakar ya 2022, zile 2,500 walizotengeneza, walikuwa wanauza na mapambo ya rangi za hizo Safari za zamani. Yaani sisi tuliwapa matope, wao wakayafanya stika za kulipia.

#14 BabuPlagi

Na hata hazijashinda. Stika ya mshindi wa pili.

#15 MkaliWaKona

Nimecheka hapo kwa babu, lakini turudi kwenye mada.

Gia, sikubaliani na wewe na sikubaliani na Boksa. Nyote mnaumwa ugonjwa mmoja unaoitwa "zamani". Tuipitie historia:

1997 walipotoa 911 ya kizazi cha 996 yenye kupozwa kwa maji, watu wakasema 911 imekufa. 2011 kwenye 991 wakaweka usukani wa umeme, 911 imekufa. 2015 kwenye 991.2 Carrera zote zikawa na turbo, 911 imekufa. Maiti hii inazikwa kila miaka minne na kila ikifufuka inauzwa kwa bei kubwa zaidi. Miaka kumi ijayo kuna mtoto atalia kwamba kioo cha inchi 12.65 kilikuwa na roho na hiki kipya hakina.

Anayetaka gia ya mkono, ipo. Oktoba 2024 walitoa Carrera T: gia sita za mkono TU, hata ukiomba PDK hawakupi, kitasa cha gia cha mbao ya mlozi. Coupe yake ina kilo 1,478. Mwezi huohuo ikaja GT3, ile 911 iliyo karibu na gari la mbio, lita 4.0, haina turbo, haina betri, inapanda hadi RPM 9,000, na gia ya mkono ipo. Na sikiliza hii, GT3 wamekiacha kile kiswichi cha kuzungusha. Sasa unalalamikia nini?

#16 GiaYaSita

Mkali, asante, maana umenipa hoja yangu mkononi bila kujua. (Na kitasa ni mbao ya jozi, siyo mlozi.)

Jiulize kwa nini GT3 wamekiacha kiswichi. Sheria haikuwalazimisha kwenye kile wala kwenye zile nyingine. Wangeweza kuweka kitufe kilekile na kuokoa gharama ya kutengeneza vitu viwili tofauti. Wamekiacha kwa sababu wanajua mnunuzi wa GT3 angepiga kelele hadi Stuttgart. Mnunuzi wa Carrera wamempima, wakaona atanyamaza.

Na kelele hufanya kazi. Umetaja 996 nusu, malizia. Taa zake za mbele zilizounganishwa na indiketa ya rangi ya chungwa, Wajerumani wenyewe waliziita mayai ya kukaanga. Watu walizizomea miaka minne. Kwenye feslifti ya 2001 zikabadilishwa, wakachukua taa za 996 Turbo. Upoozaji wa maji ukabaki, kwa sababu huo ulikuwa na sababu ya kihandisi. Taa zikaondoka kwa sababu zilikuwa za kubana matumizi, pua ilikuwa inachangiwa na Boxster, Porsche ya bei ya chini.

Nyingine: 2013 GT3 ya 991 ilitoka na PDK pekee. Watu wakachachamaa. 2016 wakatoa 911 R yenye gia ya mkono, gari 991 tu, na bei zake mtaani zikapaa kichaa siku ileile. 2017 GT3 ya 991.2 ikarudishiwa gia ya mkono. Hawakuirudisha kwa huruma.

Ndiyo maana nasema mnapoteza pumzi mkilia betri. Betri iko pale kwa sheria na kwa fizikia, Spana ameeleza vizuri kuliko mimi, na hairudi nyuma hata mkilia damu. Mshale wa RPM, naamini mimi, uliondolewa kwa sababu kioo kimoja ni rahisi kupanga kiwandani. Huo unaweza kurudishwa. Ila si kama sote tumegeukia upande mwingine tunapiga kelele.

#17 MkaliWaKona

Hapo kwenye taa za 996 umenibana, nakubali. Kwenye mshale bado. GT3 nayo ina kioo hichohicho na wanunuzi wake hawajachoma ofisi.

#18 BoksaWaNakuru

Na mimi niseme la GT3. Aprili 2025 waliipeleka Nordschleife, ile barabara ya mbio ya Ujerumani, Jörg Bergmeister kwenye usukani, gia ya mkono, ikatoa dakika 6 na sekunde 56.294. Dereva huyohuyo na GTS ya betri alitoa 7:16.934. Sekunde ishirini! Bila turbo, bila umeme, mguu wa kushoto ukifanya kazi. Haya, niambieni tena betri ni akili.

#19 SpanaYaKumiNaSaba

Boksa unalinganisha gari la mbio lenye namba za barabarani na gari la kwenda nalo kazini. GT3 ile ilikuwa na kifurushi cha Weissach cha kupunguza uzito na bawa la nyuma linaloikandamiza chini. Ukitaka kupima kazi ya betri, pima GTS kwa GTS: mpya imeipiku iliyotangulia kwa sekunde 8.7 kwenye barabara ileile, ikiwa nzito zaidi kwa kilo 50.

Na kama hiyo haitoshi, Septemba 2025 kwenye maonyesho ya München walifunua Turbo S ya 992.2. Mfumo uleule, safari hii turbo mbili zenye mota. PS 711, Nm 800. Nordschleife 7:03.92, kama sekunde 14 chini ya Turbo S iliyopita. Kilo zimeongezeka 85, na bado.

#20 BoksaWaNakuru

85! Nilisema. Hamsini hapa, themanini na tano pale.

#21 BiRejeta

Boksa wewe hata wakikupa bure utaipima kwanza kwenye mizani.

#22 MgeniWaJiji

Samahanini wakubwa kwa kuingilia, mimi nina swali la kununua kweli. Si utani. Nina biashara imenyooka na nimekuwa nikiipigia hesabu 911 muda mrefu. Nina ndugu Uingereza, upande wa usukani ni kama wetu. Baada ya kusoma huu uzi nimechanganyikiwa: nisubiri GTS ya betri zishuke bei au nichukue ya kabla ya marekebisho?

#23 KijitiChaKati

Kumbe humu kuna watu wana hela na tunakaa nao kimya.

#24 GiaYaSita

Mgeni, kwa matumizi ya huku kwetu jibu langu ni moja: tafuta GTS ya 992.1 yenye gia ya mkono. Zilifunuliwa Juni 2021. PS 480, gia saba za mkono, mshale katikati, kiswichi kushoto. Ndiyo GTS ya mwisho kuwa navyo vyote. Kwenye 992.2 hata Carrera S ya Januari 2025, yenye PS 480 hizohizo, haina gia ya mkono.

Sikwambii hivyo kwa mapenzi tu. Hiyo ya betri ikigoma hapa Dar utampa nani? Spana kasema hata wao huko bila mafunzo hawaifunui.

#25 SpanaYaKumiNaSaba

Nakazia. Na Uingereza zipo, ila zenye gia ya mkono ni chache kwa sababu wengi walichukua PDK, kwa hiyo usione bei iko juu ukadhani unaibiwa. Kabla ya kulipa dai vitu vitatu: rekodi ya huduma yote, ripoti ya kompyuta inayoonyesha injini imezungushwa mara ngapi kupita kikomo (kwenye gia ya mkono hii ni lazima, mtu akikosea kutoka ya tano akaingiza ya pili, injini inapaa na hakuna kompyuta ya kumzuia), na unene wa rangi uliopimwa kwenye kila paneli. Mwenye gari akikataa hiyo ya pili, ondoka.

#26 BoksaWaNakuru

Kama ungekuwa Kenya ningekukumbusha kanuni ya miaka nane, kwamba gari linaloingizwa lisizidi umri huo, hiyo ya 2021 ingepita sawasawa. Huko kwenu sijui.

#27 GiaYaSita

Huku kwetu ni uchakavu ndio unaongezewa kodi, na injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda daraja. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, ingiza modeli na mwaka kabla hujamtumia ndugu yako hata shilingi. Watu wengi wanapiga hesabu ya bei ya kule, gari likifika bandarini wanaanza kuuza viwanja.

#28 MgeniWaJiji

Nashukuru sana kaka zangu na dada. Swali la mwisho: nakaa Goba, na mjue barabara ya kuingia kwangu. Itapita?

#29 BabuPlagi

1978 ilipita pabaya zaidi ya Goba.

#30 SpanaYaKumiNaSaba

Babu, ile ilinyanyuliwa!

Mgeni, kwenye tangazo tafuta kama ina mfumo wa kunyanyua pua, ni nyongeza ya kulipia kwa hiyo si zote zinao. Unabonyeza kitufe mbele inainuka kama sentimita nne kwa mwendo mdogo. Kwa matuta inatosha ukipita mshazari. Kwa makorongo haitoshi. Isiyo nayo usiichukue hata wakikupunguzia.

#31 MgeniWaJiji

Ndugu yangu ameipata moja ya kijivu, gia ya mkono, anasema pua inanyanyuka. Ripoti ya kompyuta mwenyewe anasema "ataitafuta".

#32 SpanaYaKumiNaSaba

Mwambie aitafute kwanza. Pesa baadaye.